Bustani ya Soko la Zamani na Chai ya Mama Abdi

Siku ya kuniaga nilipostaafu, ofisi ya mji ilinikabidhi shada la maua ya plastiki ndani ya chungu cha plastiki. Nilishukuru mbele ya watu kwa moyo mkunjufu, maana zawadi haikataliwi, lakini nilimwona mtunza stoo akiuma midomo asicheke. Maua hayo yako sebuleni kwangu sasa. Hayaombi maji, hayaliwi na mbuzi, na mjukuu wangu huyaosha kwa sabuni kila akikosa la kufanya. Mume wangu anasema ni mimea ya kwanza niliyoleta nyumbani ambayo haijamchoma miiba.

Juzi vijana wa ofisi wakanipigia simu. Wanapanga kutengeneza bustani ya mji kule Kiserian, karibu na soko, na wakubwa wamewauliza swali ambalo hawana jibu lake: je, bustani mpya inaweza kufufua mtaa wa maduka uliochoka? Wakaniambia, "Mama Nyasi, wewe ulikuwa Kitengela, tuandikie." Jina langu ni Nasimiyu, ila ukiniita hivyo mjini huenda nisigeuke. Basi naandika. Mambo ya vyeo na mishahara nayaruka, kwa sababu hayana uzito wa kujaza hata ukurasa mmoja.

Nilianzia Isinya, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye shamba la maua. Nilikuwa nimetoka Bungoma kumfuata mume wangu, aliyepata kazi kiwandani Nairobi na kupanga chumba Kitengela kwa kuwa huko nyumba zilikuwa nafuu. Siku ya kwanza niliingia katika yale mahema makubwa ya plastiki nikiwa nimevaa sweta, kwa sababu nje kulikuwa na baridi. Humo ndani kulikuwa na joto la jikoni siku ya harusi. Kabla ya saa sita nilikuwa nimelivua sweta, nimechanika mikono, na nimejifunza kwamba waridi halikatwi ovyo. Unakata juu ya jicho, pale chipukizi linapotokea, linalotazama nje, ili tawi jipya likue kuelekea nje na katikati pabaki na hewa. Hadi leo nikiona mtu anakata waridi kama anakata sukuma wiki, naumwa kichwa.

Baada ya miaka michache nikapata kazi kwenye ofisi ya mji, kitengo cha miti na bustani. Kitengo kilikuwa sisi wawili: mimi na msimamizi wangu, Mzee Mutua. Mutua alikuwa Mkamba mfupi, mwenye kofia ya sufu ambayo haikuvuliwa hata jua likiwa kali la kukausha mate. Asubuhi ya kwanza nilimkuta akinoa slasha, lile panga la kukatia nyasi, kwa tupa huku akiimba wimbo wa kanisa. Nilimsalimia katikati ya ubeti. Akaninyamazisha kwa kidole, akaanza wimbo upya, akaumaliza, ndipo akaitikia.

"Nasimiyu, leo hakuna slasha," akaniambia. "Leo tunatafuta mbuzi."

"Wamepotea, Mzee?"

"Hawajapotea. Sisi ndio tumepotea. Twende."

Tulizunguka mji mzima mchana ule, tukisimama kila palipolala mbuzi. Nilijiambia kimoyomoyo kwamba nimeacha kazi ya maana nikaja kufuatana na mwendawazimu. Kitengela ni uwanda mtupu, upepo wake haupumziki, na wakati wa kiangazi vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Mutua akanieleza kwamba mbuzi halali penye upepo wala penye vumbi, na mchana halali juani. Ukiona amejinyoosha anacheua, hapo ndipo pa kuweka benchi. Wataalamu wana vyombo vya kupimia upepo, nami sina neno baya juu ya vyombo vyao, ila sisi hatukuwa na chombo na mbuzi walikuwepo.

Alinifundisha udongo pia. Ule udongo mweusi wa kwetu ukinyeshewa unakwama kwenye gambuti hadi unatembea umeongezeka urefu, na jua likiwaka unapasuka na kukata mizizi. Shimo la mti lichimbwe pana kuliko unavyodhani, uchanganye maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, na samadi kuukuu ya boma, na katikati ya shimo upande mti juu kidogo, usitumbukie. Maji ya visima vyetu yana chumvi. Waridi litakufa nayo ukiangalia, lakini mwarobaini na mpilipili, ule mti mkubwa wa kivuli, huvumilia. Mutua alistaafu kabla ya mambo ninayotaka kuyasimulia, akarudi kwao Machakos, na aliniachia ile tupa yake. Nilimlilia kama baba.

Sasa nije kwenye bustani yenyewe. Wakati ule soko la mifugo la Kitengela lilikuwa katikati ya mji, kwenye kiwanja kilichozungukwa na maduka. Siku ya soko wafugaji walishuka na ng'ombe na mbuzi kutoka kila upande wa Kajiado, na wanunuzi walitoka Nairobi alfajiri. Kando ya kiwanja kulikuwa na safu ya vyumba vya mawe: duka la dawa za mifugo, kinyozi, fundi wa cherehani, na mwishoni hoteli ya Mama Abdi. Mama Abdi alikuwa mjane kutoka Garissa, mrefu, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukaripia. Chai yake ilikuwa na tangawizi ya kuamsha ukoo mzima. Kwa hoteli ile alikuwa amesomesha watoto na kuwatunza wazee wake, na siku ya soko ungekunywa chai umesimama kwa kukosa kiti.

Kisha ikaamuliwa soko lihamishwe nje kidogo ya mji, ng'ambo ya barabara kuu. Sababu zilikuwa nzuri: msongamano, harufu, ng'ombe waliokuwa wakiingia benki. Lakini soko lilipohama lilibeba mtaa mzima mgongoni. Duka la dawa likalifuata. Kinyozi akawa anajinyoa mwenyewe ili mkono usisahau. Hoteli ya Mama Abdi ikabaki na meza zake zimepanguswa na hakuna wa kuzichafua.

"Nikifunga hapa," aliniambia siku moja, "nitarudi Garissa nikakae kwa ndugu yangu. Mke wake atanipimia chakula. Wallahi, Mama Nyasi, mimi nimezoea kupimia watu."

Alisema akicheka, lakini macho hayakucheka. Nilielewa. Mwanamke aliyezoea kushika mwiko wake mwenyewe hapendi kungoja sahani.

Ofisi nayo ilikuwa imeona mtaa unakufa. Ikatuletea mpangaji wa miji, kijana aitwaye Kiarie, ambaye kila mtu alimwita Injinia ingawa hakuwa injinia. Alikuwa mkarimu, mwenye heshima, na mwenye imani kubwa. Wazo lake lilikuwa kiwanja cha soko kigeuzwe bustani. Bustani italeta watu, watu wataleta biashara, biashara itafufua mtaa. Alinichorea kwenye kipande cha katoni, na nakiri lilinivutia. Nani asingevutiwa? Nilikuwa nimetunza nyasi za mzunguko wa barabara kwa miaka, na sasa napewa kiwanja kizima.

Kazi ile ilikuwa raha tupu. Chini ya kiwanja kulikuwa na samadi ya vizazi vya ng'ombe, na nyasi zilishika utadhani zilikuwa zinangoja kuitwa. Tulipanda migunga, mipilipili na mijakaranda. Nilitafuta mbuzi waliolala, nikaweka mabenchi hapo, na Injinia alipoona upepo hauyafikii akauliza nimepimaje. Nilimwambia. Akacheka mpaka akakaa kwenye benchi lenyewe.

Kosa letu lilikuwa ukuta. Geti likawekwa upande wa barabara kuu, mahali ambapo wakubwa wakipita na magari wangeona bustani, na upande wa maduka ukajengwa ukuta wa mawe kuzuia takataka. Siku ya uzinduzi kulikuwa na hema, hotuba na kwaya. Siku iliyofuata kulikuwa na wanaume wanne waliolala wamejifunika magazeti na mhubiri mmoja aliyewahubiria bila kuwaamsha. Na ndivyo ikawa. Mji wetu ni wa watu wanaoondoka alfajiri kwenda kazini Nairobi na kurudi jioni wakikimbilia watoto. Mchana hakuna mtu wa kukaa kwenye benchi, na anayekaa anaonekana hana kazi. Mama Abdi alitoka mlangoni kwake, akautazama ukuta ambao sasa ulikuwa mbele ya uso wake.

"Bustani yako nzuri, Mama Nyasi," akasema. "Lakini imenipa mgongo."

Waliotuokoa ni punda. Siku ya soko, akina mama wa Kimaasai walikuwa wakija na maziwa kwenye madumu yaliyofungwa juu ya punda, na soko lilipohama waliambiwa waende huko ng'ambo. Wanawake walisikia. Punda hawakuambiwa. Wiki baada ya wiki walifika njia panda, wakakataa kuvuka, wakaja moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wetu na kusimama wameuelekea, masikio mbele, wakisubiri uondoke. Akina mama walikuwa wanafika nyuma yao wakigombeza, na kwa kuwa walikuwa wamechoka walikaa hapohapo chini ya ukuta. Mkubwa wao alikuwa Ng'oto Naserian, yaani Mama Naserian kwa Kimaasai, mnene mwenye shanga hadi kifuani na maneno machache.

Askari wa baraza la mji, wale wa kanjo, walikuja kuwafukuza. Mimi nilikwenda kusema na akina mama kwanza, kwa adabu.

"Takwenya, yeiyo," nikamsalimia mkubwa wao kwa Kimaasai, nikimwita mama.

"Iko," akaitikia.

"Soko limehamia ng'ambo, mama."

"Mimi najua," akasema Ng'oto Naserian. "Wewe ambia punda."

Injinia alikuwa amesimama nyuma yangu na akasikia. Hakucheka safari hii. Aliwatazama punda, akautazama ukuta, akamtazama Mama Abdi aliyekuwa mlangoni, kisha akasema, "Tutoboe." Mimi ndiye niliyepinga. Nilimkumbusha nyasi zangu, nikamwambia punda haombi ruhusa ya kujisaidia. Akajibu kwamba ukuta uliwekwa na mtu ambaye hakufikiria, na mtu huyo ni yeye, kwa hiyo ana haki ya kuuharibu. Mafundi wakaja na nyundo, tukapata geti la pili upande wa maduka, na nguzo za kufungia punda nje yake ili nyasi zangu zipone. Kwa jinsi alivyoishughulikia habari ile nilianza kumpenda kijana yule.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Akina mama wakafunga punda mbele ya hoteli, wakaingia kukaa kwenye nyasi na kushona shanga huku wakiuza maziwa. Mama Abdi akawa mnunuzi wao wa kwanza, na waliofuata maziwa wakakuta na chai. Wafugaji waliouza mifugo ng'ambo wakarudi huku kuwatafuta wake zao, na mwanamume aliyetoka kuuza ng'ombe hawezi kupita hoteli. Fundi wa cherehani akafungua tena. Mpiga picha akaleta kiti chenye mgongo wa dhahabu. Jumamosi wakaja maharusi na misafara ya magari, wakipigana vikumbo kupigwa picha chini ya mjakaranda wangu. Siku ya Idi watoto wa Kisomali walijaa humo na nguo mpya hata nyasi hazikuonekana. Nilikuwa nikirudi nyumbani miguu inauma na moyo umejaa.

Kisha kikaja kiangazi kibaya. Ng'oto Naserian alipoteza mbuzi wake karibu wote, akawa anakuja na dumu moja lisilojaa. Hakulalamika. Mama Abdi naye hakumpa pole nyingi. Alikwenda tu ng'ambo sokoni, akachagua mbuzi jike mwenye mimba, akamleta kwa kamba mpaka kwenye nyasi zangu, akamkabidhi. Ng'oto Naserian alimshika mbuzi masikio, kisha akasema, "Pakine."

Mimi sikuelewa, mpaka binti mmoja akanifafanulia. Kwa Wamaasai, ukimpa mtu mbuzi, mnaacha kuitana majina. Mnaitana pakine, kwa ajili ya mbuzi huyo. Ukimpa kondoo mnaitana paker. Jina hilo halivuliwi. Mkikutana popote, mbele ya yeyote, ndilo mnaloitana, na mtu unayemwita hivyo humgeuki. Tangu siku hiyo Ng'oto Naserian hakutamka tena "Mama Abdi." Ilikuwa ni pakine, na pakine alijibu pakine, wakasikika kama mwangwi.

Sasa bustani ikapata sifa. Wageni wakaja kutoka miji mingine kuitazama, na Injinia akawatembeza akiwaonyesha geti la pili kwa fahari, bila kuficha kwamba la kwanza ndilo lilikuwa kosa lake. Na wenye nyumba nao wakafumbua macho. Vile vyumba vya mawe alikuwa navyo Bwana Ndirangu, mtu wa tumbo na utani, mpenzi mkubwa wa chai ya tangawizi. Siku moja alikunywa chai yake, akasifu, kisha akamwambia Mama Abdi ahame kabla ya mvua. Anabomoa, anajenga ghorofa. Chini kutakuwa na mkahawa wa vioo unaotazama bustani, utakaosimamiwa na mpwa wake.

Nilikwenda kwa Injinia nimewaka moto.

"Mama, lakini hili ndilo tulilotaka," akasema taratibu. "Tulitaka mtaa upande thamani. Umepanda."

"Na Mama Abdi je?"

"Tumefaulu, Mama. Sijui niseme nini."

"Nani amefaulu? Niambie jina lake."

Alikaa ameinamisha kichwa, na hasira ikanitoka, maana nilijua hata yeye anaumia. Ofisi yetu ilikuwa na uwezo juu ya nyasi na miti. Juu ya nyumba ya mtu haikuwa na uwezo wowote.

Mama Abdi akahamia kibanda cha mabati nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, upande wa njia ya Isinya. Hakukuwa na mti wala kivuli, upepo ulipiga mabati mchana kutwa, na unga wa kinu ulitua juu ya maandazi. Nilimsaidia kubeba masufuria. Alipofika alitandika meza, akanipa kikombe cha kwanza, akasema anajipa muda mpaka mvua iishe, ikishindikana ni Garissa.

Siku ya soko iliyofuata nilikuwa nimesimama na mpira wa maji karibu na geti la pili. Punda wakaja kama kawaida, wakasimama kwenye nguzo zao mbele ya vifusi. Ng'oto Naserian alifika, akatazama mahali pa hoteli, akaniuliza kwa nyusi. Nikamwonyesha upande wa kinu. Akamshika punda wake sikio, akamgeuza.

"Yeiyo, mtakaa juani huko," nikasema. "Hapa kuna kivuli, kuna nyasi. Bustani ni yenu."

"Bustani mzuri," akasema. "Lakini mimi hapana fuata bustani. Mimi nafuata pakine."

Wengine wote wakamfuata yeye. Punda walibishana sana siku hiyo, lakini baada ya masoko mawili matatu wakazoea. Waume wakawafuata wake. Wapenda maziwa wakafuata maziwa. Ndirangu alipomaliza ghorofa lake, bustani ilikuwa imependeza kuliko wakati wowote, maana hakuna aliyeikanyaga. Mkahawa wa vioo ulikuwa na viti vya kuzunguka na chai ya maziwa ya paketi, na mpwa alisimama ndani akitazama mijakaranda yangu kutwa nzima. Mtaa ukaanza kulala tena.

Ndirangu akaja kwangu. Alidhani bustani imeharibika.

"Mama Nyasi, ongeza maua. Weka bembea. Mimi nitalipia hata bendi."

"Bwana Ndirangu, watu wako kwa Mama Abdi."

"Mabatini kule? Wanafuata nini kule?"

"Twende ukaone."

Tulikuta kibanda kimejaa, wengine wamekaa nje juu ya madumu na upepo ukiwapeperushia shuka. Mama Abdi alimtazama mwenye nyumba wake wa zamani, akamwekea chai bila kuulizwa. Ndirangu akaonja, akafumba macho. Sijawahi kumwona mtu aliyesikitika kwa chai namna ile.

"Mama Abdi, rudi," akasema. "Chumba cha chini ni chako. Mpwa wangu nitamtafutia kazi nyingine, hata yeye ananiomba."

"Nitarudi, kisha bustani ijae, kisha uniambie nihame tena kabla ya mvua."

"Nakuapia."

"Wewe uliniapia hata zamani, nilipopanga kwako mara ya kwanza."

Ndirangu aligeuka huku na huku akitafuta msaada, na macho yake yakaangukia Ng'oto Naserian, ambaye alikuwa anamimina maziwa kwa utulivu.

"Mama, mwambie arudi. Nifanye nini ili aniamini?"

Ng'oto Naserian hakuinua uso. "Leta kondoo," akasema.

"Kondoo?"

"Jike. Mpe yeye. Hapa, sisi tukiona."

Ndirangu alipiga paja kwa furaha. Kondoo tu! Siku ya soko iliyofuata alifika na kondoo kwenye buti la gari. Ng'oto Naserian akamfungua mnyama mdomo, akatazama meno, akamwambia amrudishe, huyo ni bibi kizee. Akaleta mwingine, mweupe mwenye kichwa cheusi, na akina mama wote wakasimama. Ndirangu akampa Mama Abdi kamba mkononi. Ng'oto Naserian akamwambia neno la kusema, naye akalisema akicheka, na Mama Abdi akalirudisha bila kucheka hata kidogo. Paker. Paker.

Mwezi haukuisha kabla punda hawajarudi kwenye nguzo zao. Nilipowaona nilizima maji, nikakaa kwenye benchi na kulia kidogo, machozi ya furaha, na sioni aibu kusema.

Kwa hiyo, vijana wangu wa Kiserian, mkiniuliza kama bustani ilifufua mtaa, jibu langu ni kwamba iliwapa watu mahali pa kukaa pamoja, na hilo si dogo. Pandeni miti, chimbeni mashimo mapana. Lakini kabla hamjapiga kigingi cha kwanza, kaeni siku ya soko muone nani anamfuata nani, na mkimjua, hakikisheni hatakuwa wa kwanza kuhamishwa mtaa ukipendeza. Msidhani wote walipona. Fundi wa cherehani na kinyozi waliondoka vile vyumba vya mawe vilipobomolewa, na sijui walikokwenda. Hawakuwa na kondoo.

Mara ya mwisho nilipofika pale kabla ya kustaafu, ilikuwa siku ya soko. Ndirangu alikuwa anapita mlango kwa mlango kuwatangazia wapangaji wake kodi mpya, na nyuso zilikuwa zinabadilika kila alipotoka. Akafika kwa Mama Abdi. Akina mama wakaacha kuzungumza. Alisimama pale kizingitini na tumbo lake, akakohoa, akafungua mdomo.

"Mama Abdi—"

Hakuna aliyeitika. Ng'oto Naserian aliweka sindano ya shanga chini, akamtazama. Wenzake wakamtazama. Mama Abdi alikuwa amempa mgongo, anakoroga sufuria, na hakugeuka.

Ndirangu alifunga mdomo. Alitazama meza zilizojaa, akatazama nje, akavua kofia.

"Paker," akasema hatimaye, akivuta kiti. "Iko chai?"